Jina likishatoka kwao

Ilikuwa mitingi ya mtandaoni ya kawaida tu, watu tisa kwenye skrini, wengine wamezima kamera, na dada mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa anasoma ripoti yake ya wateja. Alishafika katikati, anaongea vizuri, hana papara, akasema, "Sasa tukija kwa Hiundai, wao wanataka..." Na mimi, sijui niliingiwa na nini, nikafungua maiki nikasema, "Samahani dada, ni Handei. Inaishia kama Sandei."

Akanyamaza. Kama sekunde mbili hivi.

"Asante kaka," akasema, halafu akaendelea na ripoti yake, ila sauti ilikuwa imeshuka na alisoma haraka haraka mpaka mwisho kama mtu anayetaka kuutua mzigo.

Nadhani ningesahau kabisa kama isingekuwa mitingi mbili zilizofuata. Kwenye ya kwanza alisema "wale wateja wetu wa magari". Kwenye ya pili akasema "hawa jamaa wa pale juu kwenye listi". Mi ndo nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, kwahiyo kila mara ilibidi nisimame nijiulize ni wateja gani hao, na mara ya pili ndo nikaelewa. Dada wa watu alikuwa ameacha kulitaja lile jina.

Hiyo kitu imenikaa kifuani kama wiki tano sasa.

Handei ya nani?

Nilichofanya kwanza, nakiri, haikuwa kumtafuta nimwombe radhi. Nilienda kutafuta uhakika kwamba angalau nilikuwa sahihi. Kampuni yenyewe ni ya magari, ya Korea Kusini, kwahiyo nikafungua video ya taarifa ya habari ya Kikorea, nikavaa hedifoni, nikasubiri msomaji ataje jina. Akalitaja. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena, labda mara kumi na tano.

Hakusema Handei. Alisema kitu kama "Hyonde", ila hiyo "o" si o ya soma wala si a ya sasa, inakaa mahali fulani katikati, nyuma ya mdomo, na mpaka leo sijaweza kuikamata. Jina lenyewe kwa Kikorea maana yake ni zama za sasa, Chung Ju-yung aliipa kampuni yake ya ujenzi mwaka 1947, magari yakaja baadaye mwaka 1967, na lingeandikwa kwa taratibu zinazotumika Korea Kusini leo lingekuwa Hyeondae. Zile herufi tunazoziona kwenye magari ni za utaratibu mwingine.

Sasa Handei niliitoa wapi? Marekani. Kampuni ilipoanza kuuza magari kule mwaka 1986 Wamarekani walikuwa hawajui walitamkeje, na matangazo yakawafundisha kwamba linaimbana na jina la Jumapili kwa Kiingereza, wakalishika hivyo hivyo. Waingereza wao hawakufundishwa wimbo huo, wakawa wanasema "Haiandai" miaka nenda rudi, mpaka mwaka 2023 kampuni ikatoa matangazo maalumu Uingereza kuwaomba wabadilishe wasogee karibu na matamshi ya Korea. Yani nchi mbili, wote wanaongea Kiingereza, na hawakuwa wanasikilizana kwenye jina la gari.

Kwahiyo nilichomsahihishia yule dada haikuwa sahihi. Ilikuwa lafudhi ya Mmarekani, nimeipata kwenye video za magari nilizoangalia tangu niko chuo, nikaichukua kama kipimo.

Nilikuwa nimemtoa mtu kwenye lafudhi yake nikamsogeza kwenye lafudhi ya mtu mwingine ambaye naye kakosea.

Hata kwao hawakubaliani

Basi nikasema sawa, tuache Wamarekani na Waingereza, jibu liko nyumbani kwa jina. Nenda kwenye nchi lilikozaliwa, sikiliza wanavyosema, hapo umemaliza. Hii ilinituliza kwa siku kama tatu.

Halafu nikakutana na Siemens, ile kampuni ya Kijerumani ya umeme na mitambo.

Mjerumani wa kaskazini anaanza jina hilo kwa z, "Zimens", sababu kwenye Kijerumani sanifu s iliyo mwanzo wa neno na kufuatwa na irabu inatamkwa hivyo. Ukishuka kusini, na ukivuka mpaka ukaingia Austria, wengi wanasema s kavu kabisa, "Simens". Kampuni ilianzia Berlin mwaka 1847, huko kwenye z. Makao makuu leo yako Munich, kusini, kwenye s. Sasa niambie wewe nani mwenye jina. Watu wa mji lilikozaliwa, au watu wa mji ambako bosi anaingia ofisini kila asubuhi?

Zara ndo ilinigusa zaidi, maana ile ni sisi kabisa. Duka lao la kwanza la nguo lilifunguliwa A Coruña, Hispania, mwaka 1975, na sehemu kubwa ya Hispania z inatamkwa kama th yetu ya thamani, kwahiyo wao ni "Thara". Ila shuka kusini mwa Hispania kwenye baadhi ya maeneo ya Andalusia, nenda visiwa vya Canary, vuka bahari mpaka Mexico na Argentina, ni "Sara". Mamilioni ya watu ambao Kihispania ni lugha ya mama zao, hakuna hata mmoja anayeongea kigeni hapo, na jina la duka moja linawagawa pale pale ambapo thamani na samani zinatugawa sisi. Wangapi kati yetu wanasema "samani ya pesa" na tunawaelewa bila shida yoyote? Na wangapi wamechekwa kwa hilo?

Kuna Michelin pia, wale wa matairi. Mfaransa wa Paris anaitamka kwa silabi mbili, ile e ya katikati anaimeza, na mwisho sauti inapanda puani bila n kusikika. Mfaransa wa kusini haimezi, anazitamka zote tatu, na mwisho wake unasikia kitu kinachokaribia ng' ya ng'ombe. Na Japani wameenda mbali zaidi, kule McDonald's jina zima ni "Makudonarudo" ila kwa kifupi mtu wa Tokyo anasema "Makku" na mtu wa Osaka anasema "Makudo", hapo si lafudhi tupu, ni namna ya kukata jina, lakini ukisema moja watu wanajua umetokea upande gani.

Nikafunga laptopu nikakaa kimya muda mrefu. Nilitaka kuwe na mwenye nyumba mmoja wa kumuuliza.

Hayupo.

Mdomo wetu na irabu zake

Wiki hiyo nikaanza kusikiliza watu, kila niliyekaa naye. Sikumwambia mtu ninachofanya, nilisikiliza tu majina yanavyopita midomoni. Na nikagundua tunachofanya sisi waongea Kiswahili si fujo. Kina sheria kabisa, tena sheria tunazifuata wote bila kufundishwa na mtu.

Ya kwanza unaijua hata kama hujawahi kuisema: neno letu linapenda kuishia na irabu. Bank ikaja ikawa benki, Schule ya Wajerumani ikawa shule, na kwa mkono huo huo Kodak ni "Kodaki", Adidas ni "Adidasi", WhatsApp ni "Watsapu". Google tukaitoa l ya mwisho kabisa ikawa "Gugo", wala hakuna aliyekaa kikao kuamua. Ya pili ni mkazo. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi, ndo maana neno likiongezwa irabu mkazo unahama nalo. Mjerumani anakazia mwanzo wa Adidas, maana mwenyewe alikuwa Adi Dassler, aliyesajili kampuni mwaka 1949, jina lake la utani na kipande cha ubini. Sisi tunakazia "da". Nokia, Mfini anakazia "no" sababu Kifini mkazo uko mwanzo wa neno siku zote, na Nokia ni jina la mji kule kwao. Sisi tunakazia "ki". Ni simu ileile.

Halafu kuna sehemu sheria hizi hizi zinatupeleka mahali pazuri sana bila sisi kujua, na hapa nilifurahi peke yangu kama mtoto. Waingereza wengi wanasema "Naik". Mwaka 2014 Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, aliandikiwa barua na watu wawili waliokuwa wanabishana, wakamwomba azungushie matamshi sahihi, akazungushia ya silabi mbili: "Naiki". Ambayo ndo mtu wetu anayesema, kwa sababu tu mdomo wake haukubali neno liishie na k. IKEA, wale wa fanicha, Waingereza na Wamarekani wanasema "Aikia", ila Msweden mwenyewe anasema "Ikea" na mkazo uko kwenye "ke", hebu isome kwa Kiswahili uone unakazia wapi. Na Audi, Wamarekani wengi wanasema kama "Odi", wakati sisi tunaisoma ilivyoandikwa, a na u, tunatua karibu kabisa na Wajerumani.

Majina ya Kijapani ndo kabisa. Toyota, Suzuki, Isuzu, Yamaha, Honda, hakuna hata moja lililowahi kumshinda bibi wa mtu, maana Kijapani nacho kinapenda silabi iishie na irabu kama sisi. Kuna Bridgestone ambayo naipenda kwa namna ya pekee. Mwanzilishi alikuwa Shojiro Ishibashi, ubini wake unamaanisha daraja la mawe, mwaka 1931 akautafsiri kwa Kiingereza akageuza mpangilio likawa jina la matairi. Matokeo yake Wajapani wenyewe inabidi waseme jina la kampuni yao kwa sauti ngeni, wanaongeza irabu kila kona, "Burijisuton", na mtu wetu anasema "Brijistoni". Ziweke hizo mbili pamoja. Watu wawili ambao hawajawahi kukutana, mmoja jina ni la kwao na mwingine ni la mbali, wanalifanyia ukarabati uleule karibu.

Pampasi hakuna anayeisahihisha

Sasa hapa ndo nilipoanza kujisikia vibaya kweli.

Mtu akisema anaenda kununua pampasi, nani amewahi kumkatisha amwambie hapana, sema Pampers? Kolgeti je? Tunaiita dawa yoyote ya meno kolgeti hata kama imeandikwa jina jingine kabisa. Pijo tumeiita Pijo miaka yote, na Peugeot ya Mfaransa iko mbali na hapo. Majina hayo yameshakuwa ya nyumbani, tumeyavua viatu tukayakalisha kwenye mkeka, hakuna anayeona aibu.

Ila leta jina jipya, la kitu cha gharama, la kampuni ambayo kuijua ni ishara kwamba umefika mahali fulani. Saa, pafyumu, gari la kifahari, programu mpya ya kompyuta. Hapo ghafla kila mtu ni mwalimu. Hapo ndo watu wanasikilizia mdomo wako kabla ya kusikiliza hoja yako.

Kwahiyo nilipomkatisha yule dada sikuwa nalinda lugha ya Kikorea, sikuijua hata kidogo. Kuna kitu kingine nilikuwa nalinda. Nilikuwa nawaonyesha wale watu wengine saba kwenye skrini kwamba mimi naijua dunia hiyo inayosema Handei, na yeye kasimama nje ya mlango. Sikuiwaza hivyo wakati ule, ilitoka tu. Lakini nimeigeuza geuza kila upande na sioni sababu nyingine.

Sikio linafunga mapema

Kuna jambo lingine ambalo ningelijua mapema labda ningefunga mdomo. Siku zote nilidhani anayetamka tofauti anasikia sawa na mimi ila tu hajali, au hajajitahidi. Mwaka 1984 watafiti wawili, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita mpaka minane anaweza kutofautisha konsonanti za lugha ambayo hajawahi kuisikia nyumbani kwao, na akifika miezi kumi mpaka kumi na miwili uwezo huo umeshuka sana. Mwaka mmoja! Hata kutembea hajaweza vizuri, na sikio limeshaamua zipi ni sauti na zipi ni kelele tu.

Aliyekulia lugha isiyotenganisha l na r hasemi moja badala ya nyingine kwa uzembe. Kwake mara nyingi hizo ni sauti moja. Kama mimi na ile irabu ya Kikorea, nimeirudia mara kumi na tano na hedifoni masikioni na bado naisikia kama o, halafu naisikia kama a, halafu sijui.

Na hapa nikamkumbuka Hans Wilsdorf. Mwaka 1908 alisajili jina Rolex kwa ajili ya saa zake kwa sababu alitaka neno fupi ambalo watu wa lugha yoyote wangeweza kulitamka. Alifikiria vizuri, neno ni fupi kweli na linakaa mdomoni. Ila lina r na l ndani ya silabi mbili. Kwa mamia ya mamilioni ya watu, wakiwemo Wajapani na Wakorea na wengi wetu, hakuna mtego mkubwa kuliko huo. Mtu alikaa akatafuta jina la dunia nzima, na dunia nzima aliyoisikia kichwani ilikuwa na masikio kama yake.

Silaumu. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kuwa na masikio ya wote.

Lakini jina langu mimi?

Nilikuwa nimeshafika mahali nasema basi, kila mtu aseme anavyosema, yaishe. Halafu nikakumbuka jina langu.

Jina langu lina ng' katikati, ile ya ng'ombe. Nimefanya kazi na watu wa nchi nyingi kwa simu na kwa video, na wengi wanaligawa vipande viwili, n peke yake na g peke yake, na kila mara kuna kitu kinanichoma. Si sana. Ila kipo. Na wapo wawili watatu ambao siku ya kwanza waliniuliza, "Nisaidie, unalitamkaje?" wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena, na hao nawakumbuka kwa majina mpaka leo.

Kwahiyo siwezi kusema matamshi hayana maana. Yana maana kwangu, tena sana.

Na makampuni mengine ni majina ya watu. Porsche ni ubini wa Ferdinand Porsche, Wajerumani wanaitamka kwa silabi mbili, ile e ya mwisho inasikika, na wanaosema "Posh" wanakata ubini wa watu. Ukoo wenyewe bado upo. Je, wao hawachomwi? Sijaweza kujiridhisha kwamba hawachomwi. Nilihangaika na hili siku nyingi kuliko yote niliyoandika hapo juu, na nilipofika ni hapa, ingawa si mahali pa kukaa raha mustarehe: kampuni ikitaka jina lake litamkwe vingine ina namna. Inaweza kununua matangazo ikafundisha nchi nzima, kama ilivyofanyika Uingereza ile 2023. Mtu aliyekatishwa katikati ya sentensi hana matangazo. Ana sauti yake tu, na wakati huo ameshaambiwa ina kasoro.

Kwahiyo ukilazimika kuchagua nani aumie kidogo, mi kwa sasa namchagua yule mwenye jengo la ghorofa thelathini.

Ingawa hao watu wawili watatu waliouliza ng' yangu, hawakuchagua yeyote aumie. Waliuliza.

Nilimpigia

Ijumaa moja jioni nikampigia. Nilikuwa nimeandika hata pointi kwenye karatasi, Siemens, Zara, Naiki, zote, nikijua nitamweleza na ataona kwamba hakukosea. Nikaanza kwa kuomba radhi, nikamwambia siku ile nilikukatisha na sikuwa na haki, na wala haikuwa sahihi nilichosema, Handei ni ya Wamarekani, Wakorea hawasemi hivyo, na wewe usijali kabisa sema unavyosema.

Akasikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Kaka, mi kusahihishwa sikatai. Mimi mbona nasahihishwa kila siku, hata simu yangu hainielewi, nikiisemesha itafute kitu inaandika vitu vya ajabu, siku hizi natype tu." Akanyamaza kidogo. "Ila we ulinisahihisha mbele za watu halafu ukaniacha hapo. Sikujua Handei imetoka wapi, sikujua kwanini Hiundai ni vibaya, nikaona bora nisilitaje nisije nikakosea tena."

Sikuwa na jibu la hilo kwenye karatasi yangu.

"Sasa Wakorea wenyewe wanasemaje?" akauliza.

Nikamwambia usijisumbue dada, hiyo yako inatosha. Akacheka kidogo akasema, "Hapana bwana. Umejua peke yako mwezi mzima, na mimi nataka kujua."

Nikamtumia ile video. Tukaisikiliza pamoja, yeye kwake mimi kwangu, simu ikiwa hewani. Akasema "Hyonde". Nikasema "Hyande". Akasema, "Hapana, rudisha, kuna kitu hapo katikati." Nikarudisha. Tukalirudia labda dakika ishirini, mara anakaribia yeye, mara nakaribia mimi, na kuna mara moja, nina hakika, alilipata kabisa, mdomo wake ulienda kule nyuma mahali ambapo wangu haujawahi kufika, akalisema mara moja tu na alipojaribu tena likapotea. Akaniambia, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia.

Jumatatu tukaingia kwenye mitingi. Watu tisa, wengine wamezima kamera. Zamu yake ikafika, akafungua ripoti, mi nimeshika peni naandika kumbukumbu, na moyo unanidunda kama vile ndo mimi niliyetakiwa kusoma.

"Sasa tukija kwa Hiundai," akasema, vilevile kama siku ya kwanza, mkazo kwenye "da", sauti imenyooka, "wao wanaomba tarehe isogezwe mbele wiki mbili, na mimi naona tuwakubalie."

Nikaandika: Hyundai, wiki mbili.